Mke wangu bado anaamini naenda kazini

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi, nimechagua tano. Wageni wa ukurasa huu wajue wanaongea na nani: mimi ni nyapara mstaafu wa genge la njia ya reli, Kilosa. Ni baba, na sasa babu. Maisha yangu ya kazi nimeyapitisha na wanaume wenzangu juani na mvuani, nikawaona wakipandishwa vyeo, wakiachishwa, wakioa, wakizika. Ninayowajibu yametoka huko. Majina ya walioandika nimeyaficha.

*Shikamoo mzee. Nina miaka 41, mke na watoto watatu, tunaishi Mbagala. Nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja kwa miaka sita. Mwezi wa tatu tukapunguzwa. Nilipewa barua na mshahara wa mwezi mmoja, nikarudi nyumbani, nikashindwa kusema. Mpaka leo natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kama kawaida, napanda daladala Rangi Tatu, nashinda Mnazi Mmoja au Feri, jioni narudi. Matumizi ya nyumbani natoa vilevile. Akiba ilipoisha nikakopa kwenye simu, simu zikinibana nikaenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu. Sasa hao wanataka niweke hati ya nyumba. Mke wangu ni muuguzi, ana mshahara wake. Nikimwambia hataniona mwanaume tena, na nyumba itaongozwa na nani? Nisaidie. — Mtoka Alfajiri, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Nianze na hati, maana hiyo haingoji. Usiitoe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba wanayoishi mke na mume bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati imeandikwa jina lako peke yako. Kwa hiyo mkopeshaji anayejua kazi yake atataka saini ya mkeo. Asiyeitaka anakutega. Na ukimwekea mkeo saini ya kughushi umetoka kwenye deni umeingia kwenye jinai. Unaona ilivyo? Njia zote zilizobaki zinapita kwa huyo mwanamke unayemkwepa.

La pili, haki zako. Mshahara wa mwezi mmoja baada ya kazi ya miaka sita hautoshi, na inaelekea umeondoka na fedha zako zikiwa kwa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyepunguzwa kazini kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili aliotumikia, mpaka miaka kumi. Kwako ni mshahara wa siku 42. Kuna malipo ya likizo ambazo hukwenda, kuna fedha ya notisi, kuna cheti cha utumishi. Kulalamikia kuachishwa isivyo halali mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni ndani ya siku 30, nazo zimekupita, lakini unaweza kuomba kuongezewa muda ukieleza sababu. Nenda hata hivyo, ukaulize na hayo madai mengine. Halafu nenda NSSF na barua yako ya kuachishwa, uulizie fao la kukosa ajira. Muda ulioutumia kukaa Mnazi Mmoja ukitazama saa ungetosha kuzunguka ofisi zote hizo.

Sasa tuje kwenye lile linalokuumiza. Umeuliza nyumba itaongozwa na nani ukisema ukweli. Mimi nakuuliza inaongozwa na nani sasa hivi. Mkeo ananunua gesi, anaahidi ada, pengine amemkopesha dada yake, pengine ameingia mchezo wa kina mama wenzake pale hospitali, na yote hayo anayapanga akihesabu mshahara wako. Mshahara haupo. Kwa hiyo nyumba nzima, pamoja na wewe, inaendeshwa na mshahara usiokuwepo. Hakuna anayeongoza hapo, mwanangu. Mkeo hana habari, na wewe mwenye habari umeifungia mdomoni.

Kazini kwetu kila asubuhi mtu mmoja wa genge hutembea njia aliyopangiwa, anaangalia nati, mataruma, kokoto na tuta. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inafuata mto Mkondoa, na masika mto ule unakula tuta kwa chini huku reli juu zimenyooka vizuri kabisa. Anayeona tuta limeliwa anasimamisha treni kwa bendera nyekundu. Ofisi itamfokea. Abiria watalala stesheni ya Kidete na watoto wao, watalalamika usiku kucha. Lakini aliyeona tuta limeliwa akaogopa lawama, akasema njia ni nzima, huyo hana la kujitetea hata treni ikipita salama. Wewe umeona tuta limeliwa tangu mwezi wa tatu, na kila alfajiri unaruhusu treni ipite.

Najua hukufanya kwa ubaya. Tulilelewa hivyo. Kijana anaambiwa mwanaume ni kutoa, basi, siku hana cha kutoa anadhani hayupo. Nimewaona wanaume imara, watu wa kunyanyua reli begani, wakianguka kwa jambo hili moja: walistaafishwa wakarudi kijijini wakidanganya kwamba wako likizo. Hasira yangu ni kwa waliotufundisha kwamba heshima ya mwanaume inakaa kwenye bahasha ya mshahara. Mungu anisamehe, ninapowaona vijana wakifundishwa hivyo hadi leo najisikia kupiga kelele.

Na usidhani mkeo hajui kitu. Mwanamke anayelala na wewe, tena muuguzi, anajua una jambo. Hajui ni lipi. Akianza kulitafuta mwenyewe atafikia la mwanamke wa nje, na hapo utajikuta unatetea ndoa kwa kosa ambalo hukulifanya, wakati ulilolifanya bado umelificha.

Basi fanya hivi. Nunua daftari. Andika kila deni: la simu, la kausha damu, la rafiki, la mangi wa dukani. Andika ulichochukua, ulichorudisha, riba, na tarehe ya mwisho. Usipunguze hata elfu kumi, kwa sababu deni ulilolificha mara ya pili litakuharibia zaidi ya yote ya mwanzo. Subiri siku mkeo hana zamu ya usiku, watoto wamelala. Zima televisheni. Umwambie: “Mama, niliachishwa kazi mwezi wa tatu. Sikukwambia. Tangu hapo nakopa. Madeni yote ni haya hapa.” Umpe daftari, unyamaze.

Kunyamaza ndiyo kazi kubwa. Atakasirika. Na hasira yake haitakuwa juu ya kazi, kazi zinapotea kwa watu wengi; itakuwa juu ya alfajiri zote zile alizokuamkia akakupashia chai ukaenda kukaa bustanini. Usijibu. Usimwambie “na wewe je”. Usitoke ukaenda kunywa. Kaa hapo mpaka amalize, hata kama ni siku tatu.

Akitulia mpange pamoja. Kausha damu kwanza, maana riba yake inapanda kila wiki. Mwende wote wawili kwa mkopeshaji, mwombe mpangilio wa kulipa, mpate maandishi. Kama ana SACCOS kazini kwake, pengine mkopo wa huko utafunga hayo madeni makali kwa riba ya kubebeka. Hilo ataamua yeye, na akikataa usinune.

Halafu hili la yeye kuwa na mshahara na wewe huna. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani yetu iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ikasema kazi ya mke nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango wake katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Wanaume wengi wa rika langu walinung'unika. Mimi naikumbusha kwako kwa sababu hukumu ile inakufaa leo. Kama kazi ya nyumbani ni mchango anapoifanya mke, ni mchango unapoifanya wewe. Miezi hii peleka watoto shule, pika, fua, fundisha hesabu jioni. Na asubuhi moja moja nenda Kariakoo, usikae: ingia kwenye maduka ya jumla. Pale kuna matajiri wenye mzigo wa mamilioni ambao hawajui nini kimetoka na nini kimebaki. Wewe umetunza stoo kwa miaka sita. Mwombe mmoja akupe wiki moja umhesabie mzigo. Niandikie uniambie imekuwaje, tafadhali.

*Mzee shikamoo. Nina miaka 28, nimesoma ujenzi VETA. Nimepewa usimamizi wa mafundi na vibarua 14 kwenye saiti ya ghorofa hapa Dodoma. Nusu yao wana umri wa baba yangu, wananiita “dogo”. Nikaamua kuwa mkali. Simchekei mtu, nafoka, na anayechelewa namkata nusu siku. Tangu nianze kukata, kazi imezidi kuzorota. Juzi tulikuwa tunamwaga zege la nguzo, mbao za kushikilia zikaachia, zege lote chini. Nina hakika mzee mmoja aliona zimekaa vibaya, akanyamaza. Nifanye nini wanitii? — Fundi Kijana, Dodoma*

Marahaba. Nashukuru hakuna aliyeumia.

Tuache hili la “dogo”. La kukutisha ni yule mzee aliyeona akanyamaza. Siku moja litakuwa jukwaa, na juu yake kutakuwa na mtu. Jiulize kwa nini alinyamaza. Mtu wa umri wake amemwaga zege tangu hujazaliwa. Mbao mbovu haziwezi kumpita bila kumkera. Alinyamaza kwa kuwa kila neno kwenye saiti yako lina bei, na bei unaipanga wewe. Watu 14 wenye macho 28, na wewe umewafanya wakuachie utazame peke yako.

Hiyo nusu siku warudishie. Kwanza sheria haikuruhusu: ujira haukatwi ila kwa sheria, kwa amri ya mahakama, au kwa makubaliano ya maandishi na mfanyakazi mwenyewe. Pili, angalia nani anakatwa. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza, na juu ya kuwafukuza watu wanabishana mpaka leo. Mimi nakumbuka lile jingine. Vijana walisema viongozi wana mishahara minono, na Mwalimu, kwa hasira yake yote, palepale akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, Azimio la Arusha likawawekea viongozi miiko: hakuna mishahara miwili, hakuna nyumba za kupangisha. Ndiyo maana aliweza kuwaambia watu wafunge mkanda wakamsikiliza, hata waliokuwa hawampendi. Makato yalianzia kwake. Wewe kwako yameanzia kwa kibarua anayelipwa kwa siku.

Kesho fika wa kwanza. Wakija, wape wazee shikamoo yao, mmoja mmoja, kwa sauti. Kuna vijana wa chuo walioletwa kwenye genge kuwa wakubwa wa watu wazima wakadhani shikamoo itawashusha, wakaipokea badala ya kuitoa. Hawakudumu. Unaweza kumwamkia mtu kama baba yako saa moja asubuhi na saa moja na robo ukampangia kazi, na hakuna kinachogongana hapo: “Baba Asha, leo naomba nguzo za upande wa barabarani ziwe zako.” Atakwenda. Umri ni wake, saiti ni yako, na kila mmoja amepewa chake.

Kabla ya kumwaga zege wasimamishe wote. Uliza: “Nani ameona kitu hakijakaa sawa?” Mara ya kwanza watanyamaza. Usiendelee. Mgeukie mzee wako yule, umwombe mzunguke pamoja mkague mbao na nondo, mbele ya watu. Akisema kitu, kirekebishe hapohapo, na useme ni yeye aliyekiona. Akisema kitu ambacho kitaalamu hakifai, mweleze kwa nini. Na kama hujui, sema hujui, kisha mpigie mhandisi simu wakikusikia. Nyapara wangu wa kwanza, mtu aliyekuwa na sauti ya kutetemesha bonde, alikuwa akifika mahali hajui anaweka sururu chini anauliza, “Hapa wenzangu tunafanyaje?” Sikuwahi kuona mtu akimdharau kwa hilo. Tulikuwa tunashindana kumjibu.

Ukali una mahali pake, sikunyang'anyi. Anayekuja amelewa rudisha nyumbani siku hiyohiyo. Asiye na kofia asipande. Hapo usijadiliane na mtu, awe mzee awe nani, na usihitaji kufoka: sema mara moja. Wataendelea kukuita dogo. Waache.

*Shikamoo mzee. Niko Likoni, nina miaka 24, naendesha tuktuk. Babangu alifariki mwaka jana. Sikutoa hata chozi, ami zangu wakanisifu kwamba sasa nimekuwa mwanamume wa nyumba. Huwa naangalia sana video za walimu wa uanaume kwenye simu, wao husema mwanamume hamfungukii mwanamke, akifunguka hadhi yaenda. Mchumba wangu ameniambia hanijui na hawezi kuolewa na mtu asiyemjua. Usiku silali vizuri. Nikifunguka si nitadharauliwa? — Dereva, Likoni*

Marahaba mwanangu. Pole sana. Mungu amrehemu babako, ailaze roho yake mahali pema. Naona katika barua yako yote umempa babako sentensi moja, kisha ukakimbilia mambo ya video. Rudi kwake kidogo.

Wewe ni mtoto wa kiume. Bila shaka ulishika jeneza, pengine ulishuka kaburini kumpokea. Hiyo ni kazi ngumu kuliko zote anazopewa mwanamume, na dini yetu haikusema anayeifanya awe na macho makavu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimshika mwanawe Ibrahim akikata roho, akalia. Abdurrahman bin Auf akashangaa: hata wewe, Mtume wa Mungu? Akamjibu kwamba hiyo ni huruma, kwamba jicho latoka machozi na moyo wahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Ami zako walikusifu kwa nia njema. Lakini kama kuna kipimo cha uanaume kwenye mazishi, kipimo ni hicho, na kimeruhusu machozi.

Hao walimu wa kwenye simu siwatukani. Nimekaa na mjukuu wangu nikawatazama. Wakisema amka mapema, fanya mazoezi, weka akiba, timiza ahadi, usimwombe-ombe mwanamke asiyekutaka, wanasema kweli, na kijana ambaye hana mkubwa wa kumwambia hayo ana haki ya kuyatafuta popote. Ubaya unaanza pale wanapokufundisha kumwona kila mwanamke kama mtu anayekuvizia. Wanakuuzia upweke wakiuita nguvu. Na mtu huyo wa kwenye simu hakuwapo kwenye hitima ya babako, wala hatakuwapo siku utakapougua.

Umeuliza kama utadharauliwa. Wapo watakaokudharau, sikufichi. Kwa hiyo usimfungukie kila mtu. Anza na mwanamume: mtafute rafiki wa babako, yule waliyekuwa wakikaa pamoja baada ya alasiri, umwambie akusimulie babako alikuwaje katika umri wako. Utasikia mambo ambayo hukuyajua, na sidhani kama utamaliza mazungumzo hayo bila kulia, ukiwa na mtu anayelia pamoja nawe. Baadaye mwambie mchumba jambo moja tu: kwamba tangu baba afe hulali. Usiongeze. Tazama analipokeaje. Akilipokea kwa upole, unaye mtu wa kujenga naye nyumba. Akilicheka, umejua kabla ya mahari, na afadhali. Anachokwambia, kwamba hawezi kuolewa na asiyemjua, ni maneno ya mwanamke mwenye akili. Unataka kuwa kichwa cha nyumba ambayo waliomo hawakujui, na hilo haliwezekani, hata ukiwa na pesa.

Na usingizi: ukipita mwezi mwingine hivi, nenda kituo cha afya uwaambie hulali tangu msiba. Wewe unabeba abiria.

*Shikamoo baba. Mume wangu ana miaka 58. Kwa mwaka sasa usiku anaamka mara nne, mara tano kwenda haja ndogo, na mkojo unatoka kwa shida. Amekunywa mizizi ya kila aina. Nikisema twende hospitali anasema mwanaume haangaliwi huko. — Mama wa Nne, Tabora*

Marahaba mama. Gazeti hili mpe mumeo, maana nitaongea naye.

Bwana mkubwa, hiyo ni dalili ya tezi dume kuvimba. Kwa umri wetu ni jambo la kawaida mno, mimi na wenzangu wengi tunaishi nalo. Mara nyingi si saratani. Lakini inaweza kuwa, na mizizi haitakwambia ipi ni ipi. Kinachojulisha ni vipimo: kuna cha damu, kinachoitwa PSA, unatolewa damu mkononi, basi. Daktari anaweza kutaka kupapasa pia, na hilo ni la dakika moja. Ikiachwa, mkojo unaweza kuziba kabisa usiku wa manane, ukaenda hospitali ukilia kwa maumivu, na figo zikawa zimeanza kuharibika. Ikishughulikiwa mapema wengi hupata nafuu kwa vidonge tu.

Unasema mwanaume haangaliwi huko. Mkeo amezaa watoto wanne akiangaliwa huko na watu asiowajua, akarudi nyumbani akakupikia. Nenda naye wiki hii, na mizizi uache kwanza, umwambie daktari uliyokwisha kunywa.

*Mzee, mke wangu amejifungua mapacha. Mama yangu mzazi amekuja kutusaidia. Akinikuta nafua nepi anasema namtia aibu, kwamba hakuzaa mwanaume ili aje afue mikojo. Kazini nimepewa siku tatu tu za likizo. Nifue au nisifue? — Baba Kulwa, Iringa*

Fua, baba. Na hongera sana.

Siku tatu ndizo sheria yetu inazompa baba, na zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ni chache mno. Wenzetu Kenya wanapewa wiki mbili, na natamani wabunge wetu walitazame hili. Mkeo ana siku 84 kwa mtoto mmoja, lakini kwa kuwa amezaa mapacha ni siku 100, hakikisha mwajiri wake hajakosea hesabu.

Mama usibishane naye. Amekuja kutoka mbali kwa mapenzi, na alilelewa katika nyumba ambayo wanawake walikuwa wengi kiasi kwamba baba hakuhitajika. Nyumba yenu ina wanawake wawili, mmoja ana mshono au uchovu wa uzazi, na watoto wawili wanaolia kwa zamu. Mwachie mama kuwaogesha na kuwakanda, hilo ni lake na analijua kuliko sisi. Wewe chukua usiku. Mmoja akiamka umlete kwa mama yake anyonye, umcheulishe, umbadilishe, umrudishe, uende kwa wa pili. Nepi zifue saa kumi na moja kabla ya kwenda kazini, uzianike. Mama akiamka azikute kwenye kamba. Akisema, mwitikie kwa heshima, kesho yake fua tena.

Na katika hizo siku tatu pata nafasi ya kushughulikia vyeti vya kuzaliwa, vyote viwili. Nenda na kadi za kliniki, na uangalie majina yameandikwa sawasawa kabla hujaondoka dirishani. Kurekebisha herufi moja baadaye ni safari nyingi.